Hotuba Ambayo Tata Hakuisoma

Watu wakisikia nimezeekea Kolwezi wananiuliza habari za shaba. Shaba siijui mimi. Sijashuka mgodini hata siku moja, na mawe ya kijani nimeyaona njiani tu kama kila mtu. Ninachokijua ni hotuba. Nilikuwa mpiga chapa wa baraza la mji, mwanamke peke yangu kati ya wajumbe ambao hakuna aliyewafundisha kunyamaza, na hadi leo nikiona mtu amesimama mbele ya maikrofoni vidole vyangu vinaanza kucheza vyenyewe juu ya goti.

Ngoja niwaeleze ukumbi wenyewe. Viti vya mbao vyenye namba mgongoni, safu mbili zinazotazamana. Nyuma, mabenchi ya wananchi, na humo akina mama na beseni zao za mihogo, ambao wengi wao walikuja kukimbia jua tu. Juu, feni mbili. Moja ilizunguka, ya pili ilikuwa imeshajiuzulu. Mimi nilikaa pembeni kwenye meza ndogo, naandika kwa hati mkato yote yanayosemwa, na baada ya kikao napiga chapa nakala mbili kwa karatasi ya kaboni: moja ya msemaji, moja ya kabati. Sheria za mji ziliandikwa Kifaransa, lakini wajumbe walibishana kwa Kiswahili, maana hasira ya Kifaransa inachelewa kufika.

Kwenye kiti namba nne alikaa baba yangu. Kwetu baba ni tata, na kila mzee wa rika lake huitwa hivyo kwa heshima, lakini hapa nikisema tata tu ni yeye. Tata alitoka kaskazini mwa Katanga, Mprotestanti, mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, mtu wa kusema amesimama, mikono nyuma, kana kwamba anasimamia mtihani. Kwenye kiti kilichomtazama, namba kumi na tisa, alikaa mtu ambaye nitamwita Mwenzake, kwa kuwa, ukiacha namba yake ya kiti ukumbini, tata hakumwita jina lingine: mwenzangu. Mwenzake alikuwa karani wa bohari na Mkatoliki wa kwaya. Wazazi wake waliletwa kutoka jimbo la Kasai enzi za wakoloni kuja kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa Mutoshi, karibu na mji, na Kasai aliijua kwa kusimuliwa.

Hawa wawili walibishana. Ee Mungu wangu, walibishana! Miaka minne mfululizo ilikuwa mabomba ya maji. Tata alitaka bomba dogo kwenye kila barabara, ili akina mama wasitembee mwendo mrefu na ndoo kichwani. Mwenzake alitaka bomba moja kubwa kwa kila mtaa, lenye kufuli na mlinzi, kwa sababu, alisema, hayo madogo ya tata yatavunjwa yote kabla mvua hazijaanza. Tata anasimama, anasema. Mwenzake anasimama, anajibu. Na kila hoja ya Mwenzake ilianza na neno "kwanza". Kwanza, kidole juu, mlinzi. Kwanza, kufuli. Kwanza, mifereji. Hakuwahi kufika kwenye "pili". Mimi nikipiga chapa nilimsahihisha, nikamwekea pili na tatu zake vizuri, na siku moja akaja mezani kwangu na karatasi mkononi, amekasirika kweli.

"Mutoto, nani alikuambia hii iko ya pili?"

"Tata, kwanza haiwezi kuwa tano."

"Yote iko ya kwanza. Rudisha vile nilisema."

Nikarudisha. Nani angebishana naye, wakati hata tata alishindwa?

Kikao kikiisha, hao hao waliokuwa wanataka kumezana wanatoka pamoja, njia moja, mpaka kwetu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, hivyo mimi ndiye niliyesonga bukari, ugali wetu wa huku, nikaandaa na sombe, mboga ya majani ya mihogo. Sahani tatu. Wanakula, na mabomba yanaendelea juu ya sombe. Mabomba yenyewe hayakuja, ya huyu wala ya yule, lakini nikikumbuka sauti mbili zile pale nje, moja ya darasani na moja ya kwaya, natamani mpaka kifua kinauma. Sikujua kwamba ile ndiyo ilikuwa furaha. Nilikuwa nanung'unika tu juu ya masufuria ya kuosha.

Sasa sikilizeni desturi moja ya baraza letu, maana mambo yote yanatoka hapo. Mjumbe akiondoka, kwa uhamisho au kwa uzee, haagwi na rafiki yake. Anaagwa na yule aliyebishana naye kuliko wote. Waliotutangulia walisema rafiki hakukusikiliza, alikuwa anapiga makofi tu. Aliyekupinga ndiye aliyekusikiliza neno kwa neno, akitafuta pa kukukamatia. Basi mpinzani anasimama na kusoma hotuba ya kuaga. Anayeondoka naye anasimama, anavua kofia kama anayo, anasema neno moja: "Nimesikia." Baada ya neno hilo hana tena ruhusa ya kujibu hoja yoyote. Anatoka bila kugeuka nyuma, na kiti chake wanapewa wengine. Lakini mtu ambaye hajaagwa, kwa kanuni yao, hajaondoka. Kiti chake hakikaliwi, na namba yake inaitwa kila kikao kana kwamba amechelewa tu.

Msidhani ulikuwa mchezo. Kuna mjumbe alihamishwa kwenda Dilolo, kule mpakani na Angola, na siku ya kuagwa mpinzani wake akashikwa na malaria. Vikao vitatu namba yake iliitwa, mtu mwenyewe yuko Dilolo amekwisha hata kupanga nyumba. Ikabidi apande treni arudi, asimame aagwe, avue kofia, aondoke tena. Mimi nilicheka mpaka nikakosea kupiga chapa. Tata hakucheka hata kidogo. Alisema hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Halafu mambo yakaharibika. Mgodi wa chini ya ardhi uliporomoka, kazi zikafungwa moja baada ya nyingine, malori makubwa yakasimama pale yaliposimama na nyasi zikaota kwenye magurudumu. Watu wenye njaa walitafuta wa kumlaumu, na wakubwa wakawaonyesha. Maneno yalianza kwenye mikutano ya hadhara, yakafika sokoni, yakafika hadi kwenye foleni ya maji: watu wa Kasai warudi kwao. Jirani aliyekuomba chumvi jana, leo anakuuliza babu yako alizaliwa wapi. Vijana walipita mitaani wakionyeshana nyumba kwa vidole, na nyumba zilizoonyeshwa zilichomwa. Familia zikakimbilia stesheni zikalala juu ya saruji, zikingoja treni zilizokuja zinapotaka. Sisi hatukuguswa, na sisemi hivyo kwa kujisifu.

Mwenzake aliacha kuja kula. Tata hakuuliza neno, ila aliendelea kuniambia niweke sahani tatu.

Mwenyekiti wa baraza aliamua kwamba wajumbe wenye asili ya Kasai waagwe upesi, viti vyao wapewe wengine. Wawili walikuwa wamekwisha kukimbia na malori. Akabaki Mwenzake. Jumapili moja alasiri tata aliniita, akanipa kurasa mbili alizoandika kwa mkono, kwa zile herufi zake za ubaoni. "Piga mbili," akasema, akatoka nje.

Nilipiga chapa nikilia, mpaka kaboni ikachafua vidole na vidole vikachafua karatasi. Sikujua tata ana maneno ya namna ile. Mimi mwanawe hakuwahi kuniambia hata nusu yake, na nitasema wazi, niliona wivu. Lakini zaidi ya wivu niliona fahari. Nilijua siku ya kikao tata atasimama na kuyasema maneno yale mbele ya wale vijana wote, na mji mzima utasikia kwamba kuna mtu mmoja aliyebaki na utu. Nilingoja siku ile kama sikukuu.

Siku ikafika. Vijana walijaa madirishani kabla hata ya wajumbe, na wengine wao tata mwenyewe aliwafundisha kusoma. Mwenzake alikuja kwa miguu kutoka stesheni, ambako mkewe alikuwa tayari na mafurushi. Suti ya kijivu, tai, kofia yake ya kahawia. Alipita katikati yao peke yake, akakaa kiti namba kumi na tisa, akapanga penseli yake mezani.

Mwenyekiti akasema, "Kiti namba nne, una neno la kuaga."

Tata akasimama. Akatoa karatasi mfukoni, akaifungua, akaitazama. Akamtazama Mwenzake. Halafu akaikunja, akairudisha mfukoni, akaweka mikono nyuma.

"Muheshimiwa, mi sina neno ya kuaga. Niko na neno juu ya mabomba."

Mama yangu! Nilidhani amechanganyikiwa. Akaanza kama siku zote. Bomba kwa kila barabara. Alisema pendekezo la mjumbe namba kumi na tisa lilikuwa baya miaka minne iliyopita, na leo limezidi kuwa baya. Kufuli gani? Mlinzi gani? Mlinzi akiugua, mtaa mzima ukae na kiu? Vijana waliposikia anamshambulia mtu wa Kasai wakaanza kupiga makofi, wakagonga mbao za madirisha. "Mupige, mwalimu! Mupige!" Na tata hakuinua sauti wala kuishusha. Alimaliza kwa kusema, "Mujumbe namba kumi na tisa atanijibu," akakaa.

Mwenzake akasimama. Kidole juu. "Kwanza," alisema, na kelele zikamfunika. Akasema tena kwanza, na tena kwanza. Mwenyekiti, jasho linamtiririka, akagonga meza. "Hajaagwa," akasema. "Atajibu kikao kijacho. Tumefunga."

Neno lile, hajaagwa, nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na sikulisikia. Macho yangu yalikuwa kwa Mwenzake, ambaye alikuwa anatabasamu. Nilidhani ni tabasamu la mtu aliyechinjwa na rafiki yake. Akakusanya penseli, akafika mlangoni, akageuka nyuma akatutazama wote, safu hii na safu ile, ndipo akatoka.

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilimtangulia tata hatua kumi. Tulipoingia ndani nikalipuka.

"Tata, uliogopa. Uliogopa batoto uliwafundisha weye mwenyewe!"

"Nilisema juu ya mabomba."

"Mabomba! Muntu banamufukuza, na weye uko na mabomba!"

"Atanijibu."

"Atakujibu akiwa wapi? Ndani ya treni?"

"Atanijibu," akasema tata, akainama kuvua viatu.

Alikuwa mgumu, baba yangu. Jambo hakulieleza mara mbili, na hili hakulieleza hata mara moja. Na mimi nilikuwa na hasira ya siku tano nzima, hasira tamu, ile inayokufanya ujione mwema kuliko wengine. Siku ya tano nilikwenda kwenye kabati la baraza, nikatoa nakala ya kaboni ya ile hotuba, ile iliyochafuka. Nikajaza beseni unga na samaki wa chumvi, nikaenda stesheni asubuhi.

Sitaeleza stesheni yote. Niseme tu kwamba watu walikuwa wengi kuliko saruji ya kuwalaza, na ng'ambo ya reli kulikuwa na safu ya makaburi madogo, mafupi, ya watoto. Mkewe Mwenzake ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amelala juu ya mafurushi, homa imemshika, midomo imepasuka.

"Treni mbili zimepita," aliniambia kabla hata ya salamu. "Banatuita, yeye anakatala. Anasema eko na neno ku baraza."

Hapo ningesimama. Mtu yeyote mwenye masikio angesimama. Lakini mimi nilikuja nimebeba wema wangu, na mtu aliyebeba wema wake hasikii kitu.

Mwenzake alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha nyumbani katikati ya umati ule, suti na tai, anaandika juu ya goti. Aliponiona uso ulifunguka.

"Mutoto yangu! Kikao iko siku gani?"

Akanionyesha karatasi. Lilikuwa jibu lake. Kurasa nne. Kwanza, kwanza, kwanza, mpaka chini. Nilimwonea huruma nikadhani huzuni imemharibu akili. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tata, acha mambo ya mabomba. Tata yangu aliogopa, lakini alikuandikia hii. Soma."

Nikamtia karatasi mkononi. Alisoma polepole, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, akarudi tena wa kwanza. Kidole alichozoea kuinua kilikuwa kinafuata mistari. Alipomaliza alinitazama.

"Ni yeye alikutuma?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa kumpenda tata. Nilitaka Mwenzake aondoke akijua rafiki yake alifanya jambo jema, hata kama halikufanyika.

Mwenzake akasimama. Akavua kofia. Watu wa karibu wakanyamaza, maana mtu mzima akisimama hivyo huwa ni msiba. "Nimesikia," akasema.

Ndipo lile hajaagwa la mwenyekiti liliponifikia, siku tano baadaye, pale kwenye saruji. Nikaelewa yote kwa mara moja. Tata hakuogopa. Tata alikataa kumwachilia aende. Mbele ya wale vijana wote, na kwa makofi yao wenyewe, alihakikisha kwamba Mwenzake bado ni mjumbe wa Kolwezi, mwenye kiti, mwenye zamu ya kusema. Ndiyo maana mtu yule alitabasamu. Ndiyo maana aligeuka nyuma mlangoni. Na mimi nimekuja kumuaga kwa karatasi ya kaboni na uongo.

"Tata, ngoja," nilisema. "Nipe jibu yako, nimupelekee."

Alikunja kurasa zake nne vizuri, akazitia mfuko wa ndani.

"Muntu balisha kumuaga, hajibu tena, mutoto yangu. Unajua kanuni."

Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba tata hakunituma. Lakini mkewe alikuwa amenishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Aksanti, mama," aliniambia. "Sasa atapanda." Nikaangalia midomo ile iliyopasuka, nikaangalia ng'ambo ya reli, nikafunga mdomo.

Walipanda treni iliyofuata, ikaelekea Tenke, reli inapogawanyika kwenda Kasai, na huko mbele. Walioiona inaondoka waliniambia mzee wa kofia ya kahawia alipanda bila kugeuka nyuma. Kama nilimvunja moyo yule mwanamume au nilimwokoa yule mwanamke, sijui. Nimelizungusha jambo hili miaka yote na bado sijui, na msiniambie ninyi, maana hamkuwepo.

Kikao kijacho hakikuja. Baraza lilikufa bila kutangaziwa. Ukumbi ukageuzwa ghala la magunia, viti vikatolewa nje, watu wakaanza kuvipasua kuni. Siku hiyo tata alirudi nyumbani na kiti namba kumi na tisa kichwani, mwalimu mzima, mtaa mzima unamtazama. Alikiweka sebuleni kikitazamana na cha kwake. Wageni wakija akawaonyesha mkeka. "Hii iko na mwenyewe," aliwaambia.

Na akangoja. Kila mfanyabiashara aliyepita kwetu akitoka upande wa Kasai, tata alimkaribisha maji, akamuuliza safari, halafu akanigeukia: "Mwenzangu hajajibu?" Nami nasema, "Bado, tata." Wakati mwingine alijibu mwenyewe. Nilimkuta alasiri moja mbele ya kile kiti anasema kwa sauti ndogo, "Sawa, mulinzi akubaliwe, lakini kufuli hapana." Nikaenda jikoni nikalia juu ya sombe. Barua haikuja. Mtu mmoja alisema alimwona Mwenzake akifundisha kwaya. Mwingine alisema hapana, alikufa mapema. Sikujua nimwamini nani.

Mimi na tata tulibaki wawili, na tulibishana. Tulibishana chumvi, tulibishana Biblia, tulibishana nani ataziba bati linalovuja. Nilikuwa na dhambi moyoni, na mtu mwenye dhambi moyoni hupenda ugomvi mdogo ili ule mkubwa usiguswe. Sikuolewa. Waliokuja kuuliza walimkuta tata anabisha na mimi namjibu, wakaona nyumba imejaa.

Siku tatu kabla ya kufa kwake kulikuwa na mvua. Alasiri, mabati yanapiga kelele. Amelala, kofia ya sufu kichwani, kwa kuwa baridi ilikuwa imemwingia mifupani. Akauliza lile swali lake, na sijui kwa nini siku hiyo kinywa changu kilikataa "bado".

"Tata, hatajibu. Waliisha kumuaga."

Aligeuza uso kwangu. "Nani?"

"Mi. Nilimupelekea ile karatasi ku stesheni. Nilisema ni weye ulinituma."

Nikangoja ngurumo. Nilikuwa nimeingoja miaka mingi, na nakiri nilikuwa na hamu nayo. Tata alitazama dari.

"Alisimama?"

"Alisimama."

"Alivua kofia?"

"Alivua, tata. Alisema nimesikia."

Alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni. Sikuwahi kumwona analia. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikashika mkono wake, nikamwambia anisamehe, nikasema yote, homa ya yule mama, makaburi, uongo wangu. Aliacha niseme mpaka nikaisha.

"Weye ulimusomea?" akauliza.

"Hapana. Nilimupa mu mukono."

"Hotuba hawapeanake mu mukono." Ilikuwa sauti ya darasani, dhaifu, lakini ni ile ile. "Iko mu koti yangu. Isome."

"Nimusomee nani, tata? Mwenyewe hayuko."

"Mu hii nyumba, nani amebishana na mi kupita bote?"

Jibu lilikuwa linajulikana.

"Basi, simama," akasema.

Karatasi ilikuwa mfukoni mwa koti lake la baraza, nakala ya kwanza, imekatika kwenye mikunjo. Nikasimama kando ya kiti namba kumi na tisa. Nikasoma kwa sauti, juu ya mvua.

"Mwenzangu. Miaka yote hii hukukubaliana nami hata mara moja, na nakushukuru. Kila nilipotaka kusema neno la uvivu nilikuona umekaa mbele yangu, nikatafuta lililo bora. Makosa yangu uliyasema usoni pangu, na nyuma ya mgongo wangu ulinitetea. Nimekula nawe nikiwa na hasira, na hakuna chakula nilichokipenda kuliko kile. Kama nilikosea juu ya mabomba sitasema leo, maana utafurahi mno. Sikutaka uondoke. Nilitaka uendelee kunipinga mpaka tuzeeke. Huku nyuma kutakuwa na kimya ambacho sikukizoea, na nitakusikia ndani yake."

Nilipoinua macho, tata alikuwa amejiinua juu ya kiwiko. Sijui alipata wapi nguvu. Akapeleka mkono kichwani, akavua ile kofia ya sufu, akaishika kifuani.

"Nimesikia," alisema.